Kabati la hooyo si feki

Habaryar wangu mmoja ana kipaji cha kummaliza mtu kwa neno moja. Wiki mbili kabla ya harusi ya dadangu alikuja kukagua vitu ambavyo bibi harusi angeondoka navyo. Akapita kwa sufuria, akapita kwa mazulia, akafika kwa kabati la hooyo. Akainama, akaweka kucha chini ya mlango, akavuta kidogo. Utando wa mbao ukamfuata mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akasimama, akapangusa vidole, akasema, "Feki."

Ngoja niwape picha vizuri. Hilo kabati lina miaka mingi kunishinda. Hooyo alilinunua mwishoni mwa miaka ya 90 kwa pesa zake mwenyewe, pesa za kuuza nguo Soko Mugdi, akilipa kidogo kidogo. Aliyemuuzia alimwambia ni mvule, ndani na nje. Hooyo akaamini. Kwani angefanyaje, apasue mlango katikati aangalie? Miaka yote hiyo mgeni akiingia anaonyeshwa: hilo ni mvule. Halafu Novemba 2023 mvua za El Niño zikaja, mto Tana ukapanda, na maji yakaingia nyumba nyingi za Garissa, yetu ikiwemo. Yalipotoka, ile rangi nzuri ya kahawia ya chini ya kabati ilianza kuinuka. Chini yake kukaonekana mbao nyeupe ya bei rahisi, vipande vyembamba vimepangwa kandokando kama vidole.

Habaryar alipoondoka, hooyo hakusema kitu. Akaenda kuweka maji ya chai. Hooyo akinyamaza hivo, ujue imeuma. Kabati hilo alikuwa amemwahidi dadangu tangu tukiwa wadogo. Sasa lilikuwa limeonekana uchi mbele ya dada yake mwenyewe, na wakwe walikuwa njiani.

Mimi ni mtu wa kutengeneza video, si seremala, na historia niliifanya tu kwa sababu ilikuwa kwa ratiba ya shule. Lakini nilikasirika kiasi cha kutaka kujua hii kitu inaitwa vinia ilitoka wapi, na ni nani wa kwanza kuamua kwamba mbao nyembamba iliyobandikwa juu ya mbao nyingine ni uongo. Nilisoma usiku mingi. Kumbe tumekuwa tukitukana kitu ambacho, kama kuna watu duniani wanafaa kukielewa, ni sisi watu wa sehemu kavu.

Vinia, kwa wale hawajui, ni mbao iliyokatwa nyembamba sana, mara nyingi haifiki hata milimita moja. Unachukua mti mzuri wa gharama, unaupasua karatasi karatasi, unabandika hizo karatasi juu ya mbao ya kawaida. Mti mmoja unavalisha makabati mengi. Ndio hiyo tu.

Na watu ambao tunajua walifanya kazi hii mapema na kuifanya vizuri sana ni Wamisri wa kale. Sasa fikiria Misri ni nchi gani. Mto mmoja mkubwa unapita katikati ya ukame. Kando ya mto kuna mikuyu na migunga na mikwaju ya chumvi, miti ya kupinda, yenye mafundo, mbao zake fupi. Ukitembea kidogo kutoka mtoni, hakuna msitu. Sijui kama unaona ninachoona, lakini mtu wa Garissa akisoma hiyo anajua hapo ni nyumbani. Weka Tana mahali pa Nile. Mikuyu ile ile iko hapa kando ya mto, migunga ile ile iko kuanzia hapa hadi Mandera. Mtu wa msitu wa Kongo hana sababu ya kukata mti mwembamba kama karatasi, anaangusha tu mwingine. Anayefikiria vinia ni mtu ambaye mti mzuri kwake ni mgeni aliyetoka mbali.

Na huo mti mzuri wa Wamisri ulitoka wapi? Hapa ndipo niliinuka kitandani. Karibu miaka 3,500 iliyopita malkia Hatshepsut alituma meli kwenda nchi waliyoiita Punt. Safari yenyewe ilichongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari, bado iko, unaweza kuona picha zake sa hii kwa simu. Meli zinapakiwa uvumba, miti ya uvumba ikiwa na mizizi yake, ngozi, nyani, na magogo ya mbao nyeusi. Punt hasa ilikuwa wapi wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi, lakini wengi wanaiweka upande wetu huu wa Pembe ya Afrika na kusini mwa Bahari ya Shamu. Mbao ile nyeusi Wamisri waliiita kwa jina ambalo ndilo lilizaa neno la Wazungu la ebony. Na wataalamu waliochunguza samani za Misri wanasema mbao hiyo mara nyingi ni Dalbergia melanoxylon. Kwa Kiswahili tunaiita mpingo.

Mpingo, jamani. Ule mti wa vinyago. Ulisafirishwa kutoka pande hizi hadi kwa mafarao, na huko ulikuwa na thamani kubwa mno kutumika mzima mzima, kwa hivyo mafundi wakaukata vipande vyembamba wakabandika juu ya mbao za kawaida.

Kuna kaburi la waziri mmoja aliyeitwa Rekhmire, huko Thebes, la karibu mwaka 1450 KK. Kuta zake zimechorwa watu wakifanya kazi, na pia wageni kutoka Punt na Nubia wakileta mizigo. Kati ya hao mafundi kuna maseremala wanaobandika utando wa mbao juu ya ubao, na karibu nao kuna chungu cha gundi kimewekwa motoni. Hicho chungu ndicho kilinifurahisha kuliko kila kitu. Gundi yenyewe ilikuwa ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama mpaka itoe ute. Ikipoa inashika kama jiwe, ikipata joto inalainika tena. Kwa hivyo kazi ya vinia tangu siku ya kwanza ni mambo matatu: mbao nyembamba, gundi, na moto. Tutarudi kwa moto.

Na hawakuwa wanawabandikia maskini. Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922 alikuta ndani masanduku yaliyofunikwa na kupambwa kwa vipande vyembamba vya mpingo na pembe za ndovu, maelfu ya vipande, na ndani yake mbao ya kawaida. Mfalme amezikwa na dhahabu hadi usoni, na hakuna aliyesema sanduku lake ni feki. Hakuna habaryar aliyeingia na kucha.

Sasa matusi yalianza lini? Mimi nadhani yalianza pale vinia ilipoacha kuwa ya wafalme. Mroma mmoja, Plinio Mkubwa, karne ya kwanza BK, alilalamika kwenye kitabu chake cha mambo ya asili kwamba watu siku hizi wanapasua miti nyembamba ili mti mmoja uuzwe mara nyingi, na mbao ya bei rahisi inavalishwa ngozi ya mbao ya gharama. Ukimsoma unasikia kabisa sauti ya mtu mwenye pesa aliyekasirika kwamba jirani sasa ana meza inayofanana na yake. Baadaye mashine zikaingia. Mwaka 1797 Mwingereza Samuel Bentham aliomba hataza za mashine za kukata vinia, na miaka michache baadaye Marc Brunel akatengeneza misumeno mikubwa ya kazi hiyo. Vinia ikawa ya watu wa kawaida wa London. Na mara tu hilo lilipofanyika, kwa Kiingereza neno lenyewe likageuka kuwa tusi la mtu anayejionyesha. Charles Dickens alipotaka kuicheka familia ya pesa mpya katika riwaya yake ya miaka ya 1864 na 1865, aliipa familia hiyo jina linalotokana na vinia, na msomaji akaelewa bila kuelezwa.

Kwa hivyo neno "feki" la habaryar lilisafiri mbali kabla ya kufika bulla yetu. Ni neno la watu wenye misitu, au wenye pesa za kununua misitu ya wengine.

Sisi wenyewe tulikuwa na akili nyingine kabisa kuhusu mbao. Ayeeyo yangu alizaliwa kwenye aqal, na alijua kuijenga. Wanawake ndio waliokuwa wasanifu, wanaume kazi yao ilikuwa ngamia. Unachukua fito na mizizi inayokunjika, unaipinda kuwa mifupa ya nyumba, hizo zinaitwa dhigo, halafu unaivalisha mikeka, kebed, iliyosukwa kwa nyuzi za magome na nyasi kwa miezi. Siku ya kuhama, nyumba yote inapanda mgongoni mwa ngamia. Ndani kuna haan ya maziwa, kuna barkin ya kulalia kichwa, ngamia ana koor ya mbao shingoni. Hakuna kabati. Kabati ungelipeleka wapi? Mbao nzito kwa mtu wa kuhama ni adhabu. Na ukiangalia aqal vizuri, si ni mifupa ya kawaida imevalishwa ngozi nzuri? Hakuna aliyewahi kumwambia ayeeyo nyumba yake ni feki kwa sababu ukiinua mkeka unakuta fito.

Kabati lilikuja kwetu pamoja na ukuta, na ukuta haukuja kwa amani. Wakoloni waliifunga NFD, ukitaka kuingia au kutoka ulihitaji kibali, na mambo ya viwanda na karakana yakabaki Nairobi na reli. Baada ya uhuru ikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na serikali ikawalazimisha watu wengi kukaa kwenye vijiji vya kulindwa. Sheria za hali ya hatari zilibaki kwa vitabu hadi 1991. Juu ya hayo ongeza ukame mmoja baada ya mwingine, mifugo inaisha, watu wanaingia mjini. Familia iliyozoea kubeba nyumba ikajikuta kwenye chumba cha mabati chenye kona nne, na kona hazina kazi kama hakuna cha kuweka. Hapo ndipo kabati linakuwa kitu. Hooyo aliponunua lake, hakuwa ananunua mahali pa nguo tu. Alikuwa anasema: sisi sasa tumekaa, hatuhami. Ndio maana kucha ya dada yake ilifika mbali hivo.

Na mbao za hilo kabati zilisafiri zaidi ya kilomita mia tatu na sitini kutoka Nairobi, kama karibu kila samani hapa. Huko nako zilitoka bara, kwenye miji ya mbao kama Elburgon na Eldoret ambako viwanda vya plaiwudi viko. Magogo yanazungushwa mbele ya kisu kirefu, mbao inatoka kama unavyochonga penseli, na vile viganda ndivyo vinakuwa plaiwudi. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, bei ya mbao ilipanda, na fundi yeyote atakwambia MDF na vinia ziliingia kila mahali kuliko zamani. Wengi wenu mnaosoma hapa mmekalia au mmelalia vinia sa hii na hamjui.

Lakini kuna upande mwingine na siwezi kuuficha. Nilipompelekea abti wangu haya yote, yeye ni seremala, nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliweka randa chini akaniambia, "Hayo ya mafarao sawa. Lakini mamako aliambiwa ni mvule. Alilipa bei ya mvule. Hiyo ni wizi, usiipambe na Misri."

Na wallahi yuko sawa. Farao alijua kilichoko ndani ya sanduku lake. Hooyo hakujua. Msimamo wangu ni kwamba vinia ni kazi halali na ya heshima, na aliyemuuzia hooyo ni mwongo, na haya mawili yanakaa pamoja bila shida. Kosa halikuwa kwa gundi, lilikuwa kwa ulimi. Tukiendelea kusema "vinia ni feki" tunawasaidia waongo, kwa sababu fundi mwaminifu anaogopa kutamka neno vinia mbele ya mteja, kwa hivyo kila mtu anasema "mbao halisi", na sisi tunalipa. Nenda duka lolote la samani uliza ndani kuna nini. Angalia macho ya muuzaji.

Abti alikubali kunifundisha kwa sharti moja, kwamba kabati likiisha, yeyote atakayeuliza aambiwe ukweli.

Turudi kwa moto. Mafundi wa Ulaya waliotumia gundi ya ngozi walikuwa na kifaa wanakiita nyundo ya vinia, ingawa hakipigi kitu, kinasukuma tu gundi kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi ikipoa kabla hawajamaliza, walipitisha chuma cha moto juu ya mbao ili ilainike tena. Chuma chenyewe hakikuwa tofauti sana na pasi ya kunyooshea nguo, ile ya kuwekwa jikoni ipate moto. Mwaka 1882 Henry Seely wa New York akapata hataza ya pasi ya umeme. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klatte akagundua kemikali ambayo leo iko kwenye ile gundi nyeupe ya mbao inayouzwa kila hardware. Hiyo gundi ina tabia ileile ya gundi ya ngozi: imekauka, ukiipa joto inalainika, ikipoa inashika tena. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akavumbua "vinia kwa pasi". Vitu viwili vilikutana tu nyumbani kwa watu, na mtu mwenye akili akaunganisha.

Kwanza abti alikagua kama kabati linaokoka. Kama ndani ingekuwa MDF au ile bodi ya vumbi la mbao, angeniambia nilie tu, kwa sababu hizo zikinywa maji zinafura kama mandazi na hazirudi. Yetu ilikuwa blokibodi, vile vipande kama vidole. Ilikuwa imekauka na kunyooka. Tukatoa vinia yote iliyoinuka kwenye mlango na ubavu, tukakwangua gundi kuukuu, tukapiga msasa mpaka ikawa laini. Vinia mpya ilikuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi, mahogani, imekunjwa na kufungwa kwa kamba kama kebed. Nilicheka peke yangu stendi.

Unaikata kubwa kidogo kuliko mahali pake. Unapaka gundi nyeupe pande mbili, kwenye ubao na nyuma ya vinia, nyembamba na sawasawa. Vinia ikinywa gundi upande mmoja inajikunja kama biskuti, kwa hivyo unalowesha upande wa pili kidogo kwa kitambaa chenye maji. Halafu unangoja. Hapa watu wengi wanaharibu, kwa sababu wanataka kubandika ikiwa mbichi. Unangoja mpaka gundi iache weupe, iwe kama kioo, ukigusa haishiki kidole. Kwetu na joto letu haikuchukua hata nusu saa. Kisha unaweka vinia mahali pake, unaweka karatasi safi juu, na pasi ya joto la kati, bila mvuke kabisa, unaanza katikati unaelekea pembeni, polepole. Mkono wa pili una kipande cha mbao, unakandamiza pale pasi ilipotoka mpaka papoe. Pasi inayeyusha, lakini kinachoshika ni ule ubaridi chini ya mkandamizo. Abti alirudia hilo mpaka likanichosha.

Mara ya kwanza nilichoma. Nilisimamisha pasi sekunde chache nikijibu simu, na mpaka leo kuna alama ya kahawia kwenye kona ya ndani. Mara ya pili nikapata Bubble, yaani uvimbe, unaugonga kwa kucha unalia kama ngoma. Dawa yake ni wembe: unapasua kufuata mistari ya mbao, usikate kuvuka, unasukuma gundi ndani, unapiga pasi tena. Halafu kingo unakata kwa wembe mpya, msasa laini, vanishi. Rangi haikulingana na ya juu. Tulijaribu kuipaka, ikakaribia, lakini ukisimama mlangoni asubuhi unaona mpaka ulipo.

Abti pia alinionya kitu ambacho video za huko nje hazisemi. Kama joto ndilo linalainisha hii gundi, basi Garissa si rafiki yake. Huku mchana nyuzi 37 si habari, na chumba cha mabati kinazidi hapo. Weka kabati lako mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Hili tatizo si letu peke yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walitengeneza ndege ya kivita, Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, na mwili wake ulikuwa tabaka za vinia na mbao nyepesi zilizobandikwa, nyingi zikitengenezwa na mafundi wa samani. Gundi ya mwanzo ilikuwa ya kasini, yaani protini ya maziwa. Baadaye walihamia gundi za kemikali ambazo zilistahimili unyevu zaidi. Ngozi, mifupa, maziwa: nusu ya historia ya gundi duniani imetoka kwa mifugo, na sisi tuna moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Hilo nawaachia wenye mtaji.

Swali ambalo najua mtaniuliza ni mathenge. Mti huo uliletwa Kenya 1973 kufufua machimbo ya Bamburi, ukapandwa sehemu kame miaka ya 80, na sasa umemeza malisho na kingo za Tana. Wakazi wa Baringo walishtaki serikali na wakampeleka kortini mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu baya. Wengi wetu tunauchoma makaa tu. Lakini mbao yake ni ngumu, ina rangi nyekundu ya kahawia ya kupendeza, na haisinyai sana ikikauka. Shida ni kwamba shina ni jembamba na limepinda, hupati ubao mrefu. Si ndiyo ile shida ya Misri tena? Tulijaribu. Abti alipasua vipande vya milimita tatu hivi kwa msumeno wa umeme, tukabandika kwenye ukingo wa droo. Pasi ilishindwa, joto halipenyi mbao nene hivo, ikabidi tufunge kwa klempu usiku kucha. Ila ukingo wenyewe, manze, ni mzuri kuliko mahogani. Kwa vinia ya kweli inahitajika mashine ya kukata nyembamba, na Garissa sijaiona. Kaunti inayotumia pesa kupigana na mathenge inaweza kufikiria kununua moja. Vijana wa kuiendesha wapo, wamekaa kwa baraza wakingoja ajira za Nairobi.

Siku ya wakwe, habaryar alikuja mapema. Alienda moja kwa moja kwa kabati, akainama, kucha ikatafuta mahali. Haikupata. Mama mkwe wa dadangu akauliza, kwa heshima tu, kama huo ni mvule. Nikamwangalia abti, abti akaangalia dari. Hooyo ndiye aliyejibu. Akasema juu ni mahogani, ndani ni mbao ya kawaida, chini kulikuwa kumeharibika na maji na binti yangu huyu akaibandika kwa pasi. Alisema hivyo hivyo, bila kushusha sauti. Mama mkwe akafungua mlango, akafunga, akapitisha kiganja pale rangi zinapokutana. Akaniuliza gundi gani.

Kabati liko kwa dadangu sasa, mbali na ukuta wa magharibi. Habaryar aliniita juzi nikaangalie stendi yake ya TV, akaniomba nisimwambie mtu, kwa hivyo nawaandikia nyinyi tu. Ni MDF na imefura, sina la kufanya. Hooyo naye alikuta gundi imeganda chini ya pasi siku ya Ijumaa, na buibui lake tayari lilikuwa limeshika. Amenunua pasi mpya na kuandika jina lake kwa kalamu nyeusi kwenye mpini.